Maji ndani ya gunia: Tabora inauza kilo, nani analipia ukavu?

Mkulima wa Tabora anayeanika mahindi yake hadi yakauke sawasawa anajipunja. Hesabu yake ni rahisi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 18 za maji. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki, mzigo ule ule hubaki kilo 95 hivi. Kilo tano zimekwenda na jua, na kama dalali ana bei moja tu kwa kavu na kwa mbichi, zimekwenda na fedha zake.

Hapo ndipo mjadala wa mifuko ya kuhifadhia nafaka ulipaswa kuanzia. Badala yake umeanzia kwenye mfuko.

Mfuko ulioenea sokoni ni salfeti, yaani nyuzi bapa za plastiki aina ya polipropilini zilizofumwa kama mkeka. Plastiki yenyewe hupitisha maji kidogo sana, ila mfumo wake una matundu, na mvuke hupita humo kama upitavyo kwenye kitenge. Kwa mahindi yaliyowekwa ghalani Tabora wakati wa kiangazi, hilo si kosa, kwani hewa ni kavu na nafaka huendelea kupoteza unyevu ikiwa ndani ya salfeti. Wanyamwezi wa zamani walihifadhi nafaka katika malindo ya magome ya miti, nayo hayakuwa chupa zilizozibwa.

Tatizo huja mzigo unaposafiri. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya misafara ambayo Burton na Speke waliifuata mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kazeh ilikuwa pia njia ya kupanda kutoka hewa nzito kwenda hewa kavu. Mpagazi aliyerudi Bagamoyo alishuka na pembe za ndovu, bidhaa isiyoota ukungu upesi kama karanga. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ilibadilika, lakini hewa ya Dar es Salaam ni ile ile. Nafaka iliyokauka bara, ikilazwa katika salfeti kwenye ghala la pwani, huanza kunywa maji upya.

Ndiyo maana wauzaji wa mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, wamepata wateja. Mfuko huo ulianza kubuniwa katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za Cameroon. Ni salfeti yenye mifuko miwili ya politini nzito ndani yake. Wadudu hukosa hewa wakafa, na unyevu wa nje hauingii kwa urahisi.

Hauingii kwa urahisi, si kwamba hauingii kabisa. Politini haina tundu linaloonekana, lakini chembe za maji huyeyuka kwenye uso wake, zikajipenyeza kati ya minyororo mirefu inayounda plastiki, zikatokea upande wenye hewa kavu zaidi. Ukiongeza unene mara mbili, mwendo hupungua kwa nusu. Joto likipanda, mwendo huongezeka. Politini haipatani na maji, hivyo ni chembe chache zinazopata nafasi. (Kile ambacho mitaani huitwa nailoni kwa kawaida ni politini. Nailoni halisi hunywa maji.)

Sasa ukuta unaozuia maji kuingia ndio huo huo unaoyazuia kutoka. Mahindi mabichi yakifungiwa humo hayatakauka kamwe. Mchana joto huusukuma mvuke, usiku hugeuka matone kwenye upande wa plastiki uliopoa, na punje za pembeni hulowa. Muuzaji anayemwambia mkulima kwamba mfuko "unazuia sumukuvu", akanyamaza kuhusu kuanika, ameeleza nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni ghali. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Karanga, zao kubwa la Tabora, zina masharti magumu zaidi: zilizobanguliwa zinatakiwa zikauke hadi karibu asilimia 7.

Wanunuzi wakubwa wana vipima unyevu, lakini mara nyingi huvitumia kukataa mzigo, si kuulipa zaidi. Ingekuwa haki kipimo hicho kiwekwe mezani mbele ya muuzaji kabla ya mzani, na bei ya kilo ipande kadiri unyevu unavyoshuka. Gharama ya mfuko mzuri ingejilipa yenyewe. Lumbesa nayo ingekosa maana, kwa sababu gunia lililojazwa hadi kushonewa kilemba haliwezi kufungwa mdomo hata liwe na politini ngapi ndani.

Mwenye gunia moja au mawili haitaji mashine. Atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya soda, aitikise, aiache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yamezidi asilimia 15. Ayarudishe juani, mfuko usubiri.