MFUKO WA AFYA NA WALE WASIOULIZWA



Mwaka 1965 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza kuwa matibabu Unguja na Pemba ni bure. Ahadi hiyo si yetu sisi wapinzani. Ni yao wenyewe. Mwaka 2023 wakapitisha sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya, nao waajiri na waajiriwa wakaamrishwa kuchangia. Hatusemi kuchangiana ni haramu. Twasema jambo la watu hushauriwa na watu, kwanza wale watakaolibeba.

Nani mbebaji? Si Waziri. Ni muuguzi, mkunga na daktari.

Mimi ni muuza duka. Muuguzi mmoja huja kwangu kila mwisho wa mwezi kulipa deni la mchele na sukari, na kabla ya nusu mwezi huanza deni jipya. Juzi nalimwuliza rai yake. Akanijibu kwamba haupingi Mfuko, ila hakuna aliyemtaka shauri. Habari alizipata siku moja na wagonjwa wake. Na dawa inapokosekana dirishani, mgonjwa hamwendei mkubwa ofisini; humtukana yeye. Nalinyamaza, kwani asiyesimama penye mizani hajui punjo liko wapi.

Watazameni jirani zetu wa Kenya. Tarehe 14 Machi 2024 madaktari wa serikali waligoma kwa siku 56. Moja katika sababu kubwa ni mapatano ya mwaka 2017, kwamba daktari mwanagenzi alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi; serikali ikataka kumpa 70,000. Jeraha hilo halijapona, tarehe 1 Oktoba 2024 ukaanza utaratibu mpya wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mfanyakazi akakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Je, serikali iliyovunja neno lake kwa mganga, mgonjwa ataisadiki vipi?

Basi na sisi tusingoje kugomewa. Twaitaka Serikali iwakutanishe madaktari, wauguzi na wakunga wa kila wilaya, iandike rai zao na kuzitangaza, zile chungu pamoja na tamu. Na hesabu za Mfuko zibandikwe mlangoni mwa kila hospitali, mwenye kusoma asome. Muuza duka anayeficha daftari lake kwa mshirika wake, nyinyi mwamwitaje?

Fedha za wagonjwa ni amana, na amana inaye Mwenyewe atakayeiulizia.

Wabillahi taufiki.