Kliniki za methadoni zisogezwe mitaani
Wanaosema methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, ni kubadili ulevi kwa ulevi hawajatazama inavyofanya kazi. Heroini huisha nguvu baada ya saa chache, arosto, yaani mateso ya kuikosa, ikamrudisha mtu kijiweni; dozi moja ya methadoni, anayoinywa mbele ya muuguzi, humtuliza mchana na usiku, akaweza kushika kazi. Hospitali ya Muhimbili ilianza huduma hii mwaka 2011, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Kinachowakwamisha waraibu wengi ni umbali: dawa ni bure, nauli si bure, na dozi ni ya kila siku, hata sikukuu. Wapo wanaohofia kliniki ya mtaani itavuta wauza unga. Wauzaji wameshafika huko zamani. Muuguzi ndiye bado hajafika.