MWANAUME ALIKUWA WAPI?

Neno letu asubuhi ya leo ni Yohana 8:1-11.

Walimleta kwa Yesu mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, wakamsimamisha katikati ya watu. Lakini uzinzi haufanywi na mtu mmoja, na Walawi 20:10 inawataja wote wawili. Sasa mwanaume alikuwa wapi? Hayumo. Aliyeanikwa mbele ya umati ni mwanamke peke yake.

Mafarisayo hao bado wako, ila siku hizi wana maikrofoni na bando.

Mnakumbuka Aprili 2019? Ivy Wangechi, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa sita katika Chuo Kikuu cha Moi, aliuawa kwa shoka hapo Eldoret. Kabla hajazikwa, stori ilikuwa imeenea kwamba alikula pesa za mwanaume. Binti wa watu amelala mochari, na sisi tunahesabu fare! Mwaka 2024 mahakama ilimfunga muuaji miaka 40. Je, waliomtukana marehemu walirudi kuomba msamaha?

Machi 2021, msichana wa miaka 20 alisema amesukumwa kutoka ghorofa ya 12 jijini Nairobi baada ya kumkataa mwanaume. Watangazaji wa redio moja wakamgeukia yeye, eti wasichana wanajirahisisha. Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamisha kipindi chao miezi 6 na kutoza faini ya shilingi milioni 1. EABL ikaondoa matangazo yake. Sikieni vizuri, wapendwa: kampuni ya pombe ilisema hapana. Mimi mchungaji wenu, Jumapili hiyo nilihubiri juu ya baraka. Nimetubu.

Kwa nini nayaleta leo? Wiki jana kwenye ibada ya vijana, binti wa kidato cha pili aliniuliza, "Pasta, mtu akinifanyia kitu kibaya, wataanza kuangalia nguo yangu?" Nikamuuliza hayo ameyasikia wapi. Akasema, "Kwa redio ya matatu, kwa TikTok, na hapa kanisani."

Hapa kanisani! Sikulala usiku huo.

Mnaona mbegu inayopandwa? Binti anayesikia kila siku kwamba aliyeumizwa ndiye mwenye makosa, siku akiguswa na mjomba, na mwalimu, au hata na mzee wa kanisa, atanyamaza. Tumemfundisha kunyamaza, halafu tunashangaa kwa nini hakusema.

Najua kuna atakayesema, "Pasta, lakini wasichana wa siku hizi!" Ndugu yangu, nahubiri utakatifu na sitaacha. Lakini nguo fupi si hati ya kifo, na fare si mahari. Soma Mwanzo 4. Damu ya Habili ilipolia kutoka ardhini, Mungu hakuuliza Habili alikuwa anatafuta nini kule kondeni. Alimuuliza Kaini.

Baba, leo jioni mwite binti yako umwambie: lolote likikupata, njoo kwangu kwanza, sitakuuliza ulivaa nini.

Mama, usisambaze picha ya marehemu kwenye grupu la kina mama. Ifute.

Kijana, ukiwa kwa matatu kutoka tauni hadi Maili Kumi na redio inamcheka mwanamke aliyepigwa, usicheke. Mwambie dereva abadilishe stesheni.

Na wewe binti unayesoma hapa, hukuumbwa uwe mzaha wa mtu. Wenye mawe waliondoka mmoja mmoja. Yesu alibaki na yule mwanamke, akazungumza naye kwa heshima, akamfungulia njia mpya.

Baba katika jina la Yesu, tusamehe kwa mawe tuliyoyarusha kwa vinywa na kwa simu zetu. Walinde binti zetu wa Bahati, na utupe masikio ya kuwasikia.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha uende ukazungumze na binti yako.

Mchungaji wenu, Bahati.