Rahisi Kununua, Ghali Kuvulia

Sisi tukaao nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kasulu na Kibondo, hatuvui kwa karabai usiku kama ndugu zetu wa Ziwa Tanganyika. Uvuvi wetu ni wa mtoni: ufito, mshipi, ndoana, chubwi na subira. Mto wetu mkubwa ni Malagarasi, utokao katika milima ya mpakani mwa Burundi, ukapita kwetu, ukatandaa katika mabwawa ya Muyovozi, kisha ukageukia magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Kambare na perege wamo, wala hawaulizi bei ya chombo chako.

Siku hizi, hata hivyo, vijana warudio kutoka mjini huja na fito za kiwandani zenye rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Dukani utaziona mbili zifananazo kama mapacha, moja ikiuzwa mara tano ya bei ya mwenziwe. Uchukue ipi? Swali hilo lilinikuta mimi mwenyewe, nikalijibu vibaya.

Nilikuwa na fedha mfukoni za kununulia godoro la mwanangu aliyekuwa akienda kuanza shule ya bweni. Ile rili ya ghali niliitazama nikairudisha, kwani akili ilinikataza. Ile ya rahisi haikunipa nafasi ya kufikiri. Nilijiambia, "Kitu kidogo tu hiki." Jumapili ile nikaenda Malagarasi pamoja na shemeji yangu wa Kibondo, aliyekuja na ufito wake wa mti na mshipi uliofungwa nchani. Kambare wa kwanza aliponivuta, rili ililia kama kinu kilichosagia mchanga, meno yakakwama, mshipi ukakatika. Shemeji alivua wanne. Aliniambia kwa upole, "Shemeji, samaki hakuona kile kinachong'aa. Aliona chambo."

Badala ya kukoma, nikanunua ya pili, rahisi vilevile. Haikumaliza mwezi. Jioni moja mama watoto alifungua daftari la nyumba, akajumlisha rili mbili, mishipi na nauli, akanisogezea bila kusema neno. Jumla ilitosha godoro. Kijana wetu alikwisha kwenda bwenini na godoro kuukuu, lililobonyea katikati.

Tangu hapo nimejifunza kilichomo ndani ya chombo hiki, na mtu wa Kasulu hahitaji mwalimu wa mbali, maadamu anaijua baiskeli. Rili ina mkono wa kuzungusha kama pedeli, ina meno yanayoongeza mwendo, ina gololi za kulainisha mzunguko, tena ina breki. Si ajabu kwamba kampuni ya Shimano ya Japani, ijulikanayo duniani kwa rili zake, ilianza mwaka 1921 kwa kutengeneza friwili za baiskeli, na zana za uvuvi ikaziingia mwaka 1970.

Kiungo cha kukitazama kwanza ni breki. Kazi yake ni kuuachia mshipi utoke kidogo kidogo samaki avutapo kwa nguvu, kabla haujakatika. Breki mbaya hushika, kisha huachia ghafla, na hapo ndipo samaki huondoka na ndoana yako. Pili ni meno: ya chuma laini au ya plastiki huliwa upesi. Usidanganywe na idadi ya gololi iliyoandikwa kwenye boksi. Chache zilizo nzuri huzishinda nyingi zilizo mbovu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, uzungushe mkono polepole na usikilize kwa vidole kama kuna mkwaruzo. Utikise uone kama unacheza. Kaza breki kiasi, kisha uvute mshipi: utoke sawasawa, bila kurukaruka. Yule wa ghali akishindwa majaribio haya, mwache. Wa bei ya kati akishinda, mchukue. Bei si shahidi wa kutosha, kwani sehemu ya bei kubwa hulipia wepesi wa chombo na jina lake, mambo ambayo kambare wa Malagarasi hayamhusu.

Lakini swali la kwanza si ghali au rahisi. Ni hili: je, unaihitaji? Avuaye ukingoni mara mbili tatu kwa mwaka, ufito wa mti unamtosha. Fedha yake aitie katika ndoana kali isiyopinda na mshipi imara, kwani hivyo ndivyo vinavyomgusa samaki. Aendaye kila juma, na kurusha mbali, anunue rili moja ya bei ya kati, aifute mchanga kila arudipo na kuitia grisi kidogo kwenye meno. Breki asiimwagie oili ovyo, kama asivyoimwagia rimu ya baiskeli. Ile ya ghali kabisa ni ya mwenye kipato cha ziada, asiyeacha deni nyumbani.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami naongeza kwamba bei kubwa humwamsha mnunuzi, bali bei ndogo humlaza usingizi, akaamkia hasara. Rili zangu mbili zingali zimetundikwa ukutani, na sizitupi. Mwanangu aliporudi likizo aliziuliza, nikamweleza ukweli wote. Alicheka, kisha akaniomba ufito wa mti twende mtoni. Tulirudi na perege watatu, na godoro jipya alikwenda nalo muhula uliofuata.

Tuonane Jumapili ijayo, majaliwa.