Mheshimiwa, Punguza Kelele, Andika Swali

Leo naanza kwa kuungama.

Kuna wakati niliweka hapa klipu ya mheshimiwa mmoja akinguruma kwenye matanga. Simtaji. Alikuwa ameshika maikrofoni kama mtu anayetaka kuinyonga, akiuliza, "Pesa zetu zimeenda wapi?" Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele kabla ya kukumbuka yuko mazishini. Kufikia jioni klipu ilikuwa imefika hadi kwa vikundi vya familia, vile ambavyo kwa kawaida ni michango tu na mistari ya Biblia.

Wiki hiyo hiyo niliweka picha ya karatasi. Ilikuwa swali ambalo mbunge wa mbali kabisa na huku alikuwa amemwandikia waziri. Sentensi mbili, hakuna matusi, hakuna kelele. Mliipita kama matatu inayopita steji iliyojaa maji. Walioifungua ni wachache sana, na mmoja wao ni dadangu.

Nimekaa na hiyo tofauti kwa muda, na sasa nasema wazi: mheshimiwa anayeuliza swali matangani hajauliza kitu. Ametumbuiza. Pale hakuna mtu analazimika kumjibu. Waziri hayuko, gavana hayuko, na marehemu hana habari. Akishuka jukwaani, swali linashuka naye, linaingia kwa gari, linaenda. Na sisi waunda maudhui tunamlipa kwa kumsambaza. Kwa hivyo mimi pia nimo.

Kelele haiogopeshi serikali yoyote. Kinachoiogopesha ni karatasi yenye tarehe.

Wacha nieleze, kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa haya. Katiba ya 2010, kifungu cha 153, inasema waziri lazima afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au Seneti akiitwa, na ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Kifungu cha 125 kinazipa bunge na kamati zake nguvu kama za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai stakabadhi. Kaunti nazo, kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti nguvu hiyo hiyo. Kumaanisha MCA wako, yule unayemwona Jumamosi akigawa mipira, ana nguvu kisheria ya kumwambia waziri wa kaunti: leta hizo risiti hapa.

Zamani, wakati mawaziri walikuwa wabunge, walikuwa wanaulizwa ana kwa ana. Baada ya uchaguzi wa 2013 mawaziri wakawa hawako tena bungeni, ule muda wa maswali ukaisha, na wabunge wakawa wanaomba taarifa kupitia wenyekiti wa kamati, ambao walisoma majibu waliyoandikiwa na wizara kama tarishi anayesoma barua ya mtu mwingine. Baadaye maswali yakarudi kupitia kamati, na mwaka 2023 mawaziri wakaanza kusimama tena mbele ya wabunge na maseneta wote kujibu. Hiyo sehemu mmeiona, kwa sababu ina kamera. Sehemu ambayo hamuioni ni swali la majibu ya maandishi. Mbunge anaandika, Spika anaangalia kama limefuata kanuni, linaenda wizarani, jibu linarudi kwa karatasi na kuingia kwenye kumbukumbu za Bunge.

Utaniuliza, tofauti iko wapi? Iko hapa. Swali la matangani linasema, "Barabara yetu mmeiba!" Jibu lake ni rahisi: "Huyo ni mpinzani, ana chuki." Imeisha. Swali la maandishi linasema: kandarasi ya barabara fulani ilipewa nani, tarehe gani, kwa bei gani, imelipwa kiasi gani mpaka leo, na imebaki kilomita ngapi? Hapo chuki haiko. Kuna mapengo matano ya kujazwa. Afisa akijaza kwa ukweli, tumejua. Akijaza kwa uongo, ametia sahihi uongo wake, na siku moja mtu atauweka kando ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kulinganisha. Akiacha pengo moja wazi, basi tumejua pa kuchimba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mbunge ni kuwa mtu wa daftari. Sisi tumemfanya MC.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa Uasin Gishu hii si hadithi ya vitabu.

Mnakumbuka mpango wa masomo ya Finland na Canada. Wazazi waliuza ng'ombe, wengine wakauza mashamba, wakalipa mamia ya maelfu ya shilingi kupitia kaunti ili watoto waende kusoma. Mwaka 2023 tukaona wazazi wakiandamana Eldoret na wanafunzi walioko Finland wakitishiwa kufukuzwa kwa sababu karo haijafika. Agosti mwaka huo seneta wetu Jackson Mandago, aliyekuwa gavana wakati mpango ulianza, alishtakiwa Nakuru pamoja na waliokuwa maafisa wa kaunti, kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka. Hiyo ni kazi ya korti, na mimi si hakimu.

Langu ni tofauti. Fikiria maswali ya mwanzo kabisa, siku ya kwanza mzazi wa kwanza alipoenda benki. Akaunti hii ni ya nani? Nani anatia sahihi? Wanafunzi ni wangapi, na kila chuo kimetumiwa pesa ngapi, tarehe gani? Maswali manne. Yanatoshea nyuma ya bahasha. Sisemi hakuna aliyeuliza. Nasema swali lilipotufikia sisi wananchi, lilikuja likiwa limeshageuka kuwa maandamano. Mzazi aliyeuza ng'ombe ndiye alilazimika kusimama barabarani na bango kuuliza kile ambacho kuna watu tunawalipa mshahara waulize wakiwa wamekaa.

Na tafadhali msiniambie ati kuuliza ni tabia ya watu wa Nairobi. Historia ya huku inawakana. Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, hapo tu Nandi, alikuwa Naibu Spika mwaka 1975 wakati Martin Shikuku alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge jinsi KANU ilivyouawa. Wengine wakaruka, wakataka Shikuku athibitishe. Seroney, akiwa kwenye kiti, akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Oktoba hiyo hiyo wote wawili walikamatwa hapo hapo bungeni na kuwekwa kizuizini, hadi Desemba 1978.

Na Chelagat Mutai. Vijana wa Eldoret, hata jina mnalijua? Aliingia bungeni 1974 akiwakilisha Eldoret Kaskazini, msichana wa miaka kama 25 hivi. Aliuliza kuhusu ardhi na kuhusu wakubwa. Mwaka 1976 akafungwa miaka miwili na nusu kwa kosa la uchochezi. Akatoka, akarudi bungeni, akauliza tena, na mwaka 1981 akalazimika kukimbilia Tanzania. Hao walilipia swali kwa miaka ya maisha yao. Leo swali linagharimu kalamu na karatasi moja, hakuna mtu atakufunga, na bado mheshimiwa anaona ni kazi.

Najua kuna wale mtasema, "Boss, hata wakiuliza, hakuna kitu hufanyika." Ngojeni. Mwaka 2004, mbunge wa Ntonyiri, Maoka Maore, aliweka mezani bungeni stakabadhi kuhusu mkataba wa mitambo ya pasipoti, karibu shilingi bilioni 2.7, uliopewa kampuni inayoitwa Anglo Leasing. Mbunge mmoja wa upinzani na karatasi mkononi. Kutoka hapo nchi nzima ilijua hilo jina, na mwanzoni mwa 2006 mawaziri wakaachia ngazi.

Lakini wacha niwe mkweli, kwa sababu hii ndiyo sehemu inauma. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ililipa shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni za mikataba hiyo ya Anglo Leasing, baada ya kushindwa kesi nje ya nchi. Miaka kumi baada ya swali. Kwa hivyo ndiyo, swali peke yake halitoshi. Swali ni kama kufungua lango la boma. Ukilifungua halafu ukaenda kulala, ng'ombe watatoka na mwizi ataingia. Lazima kuwe na swali la pili: ulisema utarekebisha kufikia Juni, sasa ni Septemba, vipi? Bunge la Taifa lina hata kamati ya utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi zilizotolewa na serikali mbele ya Bunge. Lini mlisikia mheshimiwa akijisifu kwa kufuatilia jibu? Hajisifu, kwa sababu sisi hatumpigii makofi kwa hilo.

Na kuna jambo la lugha. Tanzania, mkutano wa Bunge pale Dodoma huanza na maswali kwa Kiswahili. Swali la msingi lina namba, waziri anajibu, yanafuata maswali ya nyongeza, na Alhamisi ni zamu ya Waziri Mkuu. Bunge lao lina shida zake, siwasifii bure. Lakini bibi wa Mbeya akiwasha redio anaelewa nani ameuliza na nani amekwepa. Hapa kwetu Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba, lakini swali kuhusu maziwa ya mama wa Naiberi linaulizwa kwa Kiingereza, linajibiwa kwa Kiingereza kizito zaidi, na linafungiwa kwenye faili ambalo mama huyo hatafungua kamwe. Uwazi ambao mwenye mali hawezi kuusoma ni uwazi wa aina gani?

Sasa Kaptagat. Msitu wetu, ule ambao dunia nzima inaujua kwa sababu Eliud Kipchoge hukimbia humo alfajiri. Kila mwaka wakubwa wanakuja na helikopta kupanda miti. Wanapiga picha, tunaambiwa miche ni maelfu kwa maelfu. Vizuri. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti, na Julai 2023 Rais akatangaza kuondoa marufuku hiyo, jambo lililoishia kortini. Na ukisimama barabara ya kwenda Nyaru, utaona malori ya mbao kwa macho yako.

Simshtaki mtu. Lori la mbao laweza kuwa na kibali safi kabisa. Nataka tu kujua, na sijui njia nyingine ya kujua isipokuwa kuuliza. Kwa hivyo nimeandika. Mheshimiwa yeyote anaweza kuchukua hii bure, hata asinitaje:

Moja. Ni ekari ngapi za miti ya kupandwa katika msitu wa Kaptagat zilizoidhinishwa kuvunwa tangu Julai 2023, nani alipewa vibali, na alilipa kiasi gani?

Mbili. Kati ya miche iliyopandwa katika shughuli za serikali msituni humo kila mwaka tangu 2018, ni mingapi iko hai leo, na nani aliihesabu?

Tatu. Ni wakulima wangapi wamepewa mashamba ndani ya msitu kulima huku wakitunza miche, na orodha hiyo imebandikwa wapi?

Msitu uko kati ya kaunti mbili, kwa hivyo najua mtaanza kusukumiana, Uasin Gishu waseme ni wa Elgeyo Marakwet, Elgeyo Marakwet waseme ni wa serikali kuu. Ndiyo maana linaenda kwa waziri. Hapo hakuna wa kusukumia.

Na mheshimiwa akikataa? Hatuna haja ya kumlilia. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mkenya yeyote anaweza kuandikia ofisi ya umma kuomba habari, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, unaenda kwa Ombudsman. Barua yangu nimeshaandika, yenye maswali haya matatu, na nimepiga picha ya muhuri wa kupokelewa. Nitawaonyesha jibu likija, na lisipokuja nitawaonyesha ukimya ukiwa na tarehe yake.

Lakini mbunge ana nguvu ambazo mimi sina. Mimi naomba, yeye anadai. Mimi nikidanganywa nitaandika posti, yeye akidanganywa anaweza kumrudisha mtu kwenye kiti na kumuuliza tena.

2027 inakuja. Watakuja na nyimbo, na magari, na maikrofoni. Ukipata nafasi, usimuulize atafanya nini. Mwambie akuonyeshe maswali matatu aliyoandika katika miaka mitano, na majibu aliyopata. Kama hana hata moja, mpe chai, mpe mursik, yeye ni mgeni. Kura usimpe.

Mimi nitaanza na kazi yangu. Klipu za kelele, nimeacha.