Fimbo Haifundishi Punda



Kila mara mkutano unapozungumzia namna ya kufikisha mavuno sokoni, ombi moja linarudi: tupate punda, tupate ng'ombe wa kulima. Ombi hilo ni la haki. Toka shamba mpaka barabara ya magari, mfuko wa maharage unapanda na kushuka mlima kwenye mgongo wa mama, kamba imekaza paji la uso. Chukudu inafaa barabara inayoteremka. Kinga inashindwa na matope. Moto inataka mafuta kila siku. Punda yeye anataka majani, maji, fasi ya kujikinga na mvua, na mtu mwenye kumwelewa.

Ni juu ya mtu huyo ninaandika leo. Maoni yangu ni haya, na najua wengine hawatayapenda: koperative ambayo haiko tayari kuacha fimbo, afadhali isinunue mnyama wa kazi.

Angalieni namna mambo yanaendaka mara nyingi. Mnyama anafika Jumatatu. Hajui fasi, hajui mtu. Jumanne anafungwa kamba shingoni, watoto wa kijiji wote wanamzunguka. Jumatano anawekewa mfuko wa kilo 60 mgongoni. Anasimama, haendi. Mmoja anavuta mbele, mwingine anapiga nyuma. Kiisha mwezi mmoja punda ana vidonda mgongoni, anauma, anapiga teke, na komite inasema: "Punda hii iko na kichwa nguvu." Anauzwa kwa mchinjaji kwa bei ya hasara. Pesa ya wanachama, ile iliyotoka kwenye maharage na kahawa, imeisha. Na mama anarudilia kamba yake ya paji la uso.

Punda hana kichwa nguvu. Punda ana woga na akili, vyote viwili. Farasi akiogopa, anakimbia. Punda akiogopa, mara nyingi anasimama, anatega masikio, anapima kama kitu kile ni hatari kweli. Sasa wewe unamchapa wakati ule ule anapopima. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba pale penye kitu cha kuogopesha, fimbo inakuja pia. Basi kesho anaanza kuogopa mbele hata ya kufika pale. Tumemfundisha, ndiyo, lakini kinyume cha kile tulichotaka.

Kuna watu waliofikiria jambo hili kwa muda mrefu, nao ni watu wa farasi. Kwetu farasi ni wachache, magonjwa kama yale ya nzi wa tsetse yanawamaliza, lakini maarifa ya wenye farasi yanatufaa. Xenophon, askari wa Wayunani, aliandika kitabu juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na humo alishauri mtu asimwendee farasi kwa hasira. Katika karne ya 20, upande wa magharibi wa Marekani, wachunga ng'ombe kama Tom Dorrance na Ray Hunt walifundisha wengine kumzoeza farasi bila kumvunja. Desturi ya pale ilikuwa kumpanda farasi mchanga kwa nguvu mpaka achoke. Wao walisema hapana: tazama kwanza mnyama anasema nini kwa masikio, macho na miguu. Mwombe kidogo. Akijaribu, mwachilie mara moja. Leo, kule Ulaya na Marekani, watu wengi wanaofuga farasi wadogo, wale wafupi wanaopandwa na watoto, wanafuata njia hiyo: dakika chache za kamba na kumgusa, kila siku, mbele ya kufikiria kumpanda.

Fundo la njia hii ni moja tu: mnyama hajifunzi wakati unapokaza, anajifunza wakati unapoachilia. Vuta kamba kidogo, kiisha ngoja bila kuongeza nguvu. Akisogeza mguu mmoja, hata nusu ya hatua, legeza pale pale. Ataelewa: "Nikisogea, uzito unaondoka." Ukiendelea kuvuta hali amekwisha kusogea, umemwambia kwamba kutembea hakuna faida. Ni sawa kwa punda, sawa kwa ng'ombe wa jembe.

Wengine watasema haya ni mambo ya wazungu na farasi wao. Basi tuangalie historia ya Kongo yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, kule Api katika Uele, na baadaye Gangala-na-Bodio karibu na hifadhi ya Garamba, tembo wa pori walizoezwa kukokota magari na kulima mashamba. Kituo kilikuwa cha wakoloni, na kukamata tembo hao ilikuwa kazi ya ukatili, wengi walikufa. Siisifu kazi ile. Hata vile, wale waliowazoeza siku kwa siku walikuwa watu wa hapa hapa, na walijua kwamba mtu wa kilo 70 hamshindi tembo kwa mikono. Waliwalisha kwa mkono, waliwaimbia, waliwazoesha sauti yao. Kama mlango wa uvumilivu ulifunguka kwa tembo, hautafunguka kwa punda? Na wafugaji wetu wa Masisi na wa Ituri, si wanaita ng'ombe kwa jina, na ng'ombe anakuja?

Najua majibu yanayotolewa mkutanoni. La kwanza: "Agronomu, hatuna muda, musimu umefika." Tupige hesabu. Wiki nne, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, jumla ni saa 28. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 10. Nani kati yetu anakataa kupalilia shamba saa 28 kwa mavuno ya miaka 10? Asiye na muda wa kuzoeza mnyama atapata muda wa kumtafuta akitoroka, na wa kumtibu vidonda.

Jibu la pili ni zito zaidi: "Sisi wenyewe tunateseka, nani ana nguvu ya kubembeleza punda?" Ninaliheshimu jibu hilo. Lakini kuacha fimbo si kubembeleza. Punda lazima afanye kazi. Lazima asisukume mtu, asiume, asimame akiambiwa simama. Mtu anashika msimamo wake bila hasira, na anarudia neno lile lile kila siku kwa namna ile ile. Tena, watoto wetu wameona fimbo na bunduki vya kutosha. Sio vibaya waone mahali pamoja kijijini ambapo mwenye nguvu anangoja.

Sasa, kwa vitendo. Mimi ninashauri hivi.

Wiki ya 1: hapana mzigo. Mtunzaji anampelekea majani na maji, anakaa karibu, anaongea kwa sauti ya chini. Punda akikubali, anamkuna shingoni na begani. Msimwendee toka nyuma kabisa, juu haoni pale. Mwendeeni upande wa bega. Watoto wabaki ngambo ya uzio.

Wiki ya 2: kamba ya kichwa, si kamba ya shingo. Kuvuta kidogo, kungoja, kulegeza. Mtunzaji anamgusa mwili wote pole pole, kiisha anainua mguu mmoja mmoja na kusafisha kwato. Punda akiondoa mguu, msigombane naye. Anzeni tena toka begani.

Wiki ya 3: tandiko. Shoneni mito miwili ya mifuko iliyojazwa majani makavu, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo ubaki huru. Atembee na tandiko tupu siku mbili tatu. Kiisha wekeni mfuko wa majani makavu, mkubwa kwa macho lakini mwepesi. Bidoni inayopiga kelele, mwacheni ainuse kwanza. Itikiseni mbali, kiisha karibu, na mnyamaze kila anapotulia.

Wiki ya 4: kilo 10, kiisha 20, kwenye njia ile ile ya soko. Kuvuka mto mdogo, tangulizeni punda aliyezoea. Kama mnyama wenu bado anaogopa jambo la wiki ya 2, rudini wiki ya 2. Kalenda haimjui punda.

Akishazoea na kuwa mkubwa, punda wa kilo 150 asibebe zaidi ya kilo 50. Mwenye chini ya miaka mitatu asibebe kitu. Kwa ng'ombe wa kulima, anzeni karibu na miaka miwili, wawili pamoja, kila mmoja upande wake siku zote: nira tupu kwanza, kiisha gogo dogo, mwisho jembe.

Maisha ya kila siku yanataka vitu vingine vichache. Bidoni ya lita 20 ya maji safi karibu naye kila siku, na chumvi. Paa la kujikinga, juu manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya ng'ombe, na sisi wa milima tunajua mvua yetu. Mkono upite mgongoni na miguuni mbele ya kazi na nyuma ya kazi; penye joto ao kidonda, hapana mzigo siku hiyo. Na tena, punda mmoja peke yake anahuzunika, anaita usiku na mchana, anafundishika vibaya. Kama pesa inatosha punda mmoja tu, ngojeni mpaka itoshe wawili.

Sasa neno kwa komite. Ubaya mwingi hautoki kwa mnyama, unatoka kwa mpango wetu. Punda wa kila mtu ni punda wa bila mtu. Leo anashikwa na huyu, kesho na yule, kila mmoja na sauti yake na fimbo yake. Ndiyo maana ninaomba kanuni tatu ziandikwe katika sheria ya ndani ya koperative.

Moja: mnyama awe na mtunzaji mmoja na msaidizi mmoja, na walipwe kutoka kwa pesa ya usafirishaji. Kazi hii isifanywe kama salongo. Na angalau mmoja wao awe mama. Wamama ndio waliobeba mzigo mpaka leo. Tusije kuona punda wa koperative anabeba kreti za bia za mzee fulani, na mama bado anabeba kuni nyuma yake.

Mbili: anayempiga mnyama analipa faini, hata akiwa presida. Na uzito wa juu wa mzigo uandikwe ukutani pa depo, karibu na mizani.

Tatu: kila safari itoe franga kidogo kwa sanduku la veterineri, mbele ya faida kugawanywa.

Tusijidanganye kwamba mnyama aliyeharibika tutampata mwingine kwa urahisi. Punda wa Afrika wamechinjwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi inayouzwa nje kutengeneza dawa, mpaka Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubali kusimamisha biashara hiyo katika bara zima. Mnyama huyu ni mali. Nchi nyingi zimeliona hilo, nasi tulione mbele ya kumfunga kamba.

Basi, mbele ya kuandika barua ya kuomba wanyama, pigeni kura juu ya kanuni hizi tatu. Zikipita, chagueni mtunzaji na mumpe wiki zake nne. Kama hazipiti, msione haya: ombeni kwanza kutengenezewa njia, ao ombeni kinga. Kinga ukiipiga teke haijifunzi chochote. Punda atajifunza, na kile alichojifunza ataishi nacho miaka mingi, ninyi pamoja naye.