Dogo wa Nguvumali na Vijiti 40 vya Pipi: Wanaocheka Wamechemka

Kuna dogo mmoja wa Nguvumali, pale Tanga, jina kapuni, ambaye siku hizi amekuwa gumzo kwenye simu za watu. Kosa lake? Ametengeneza gari la jeshi. La kuweka mezani lakini: lori la kurushia makombora aina ya BM-21, urefu wake sentimita 21 hivi, rangi ya kijani, turubai, dumu la maji, kila kitu kipo. Picha zikasambaa, povu likafuata.

Wengine wakasema, "Lidude zima lina ndevu, linachezea vigari." Wengine wakajifanya wajuzi: "Si anunue modeli ya ukweli inayotoka nje? Hizo taka za nini?" Halafu kuna mheshimiwa mmoja, naye jina kapuni, mwenye ofisi ya kiyoyozi, ambaye alilitaka kwa ajili ya kabati lake. Akaweka mezani elfu kumi na tano. Sababu? "Maboksi tu hayo na vijiti vya pipi."

Sasa hapo ndipo watu wanapochemka.

Tuanze na hivyo vijiti vya pipi vinavyochekwa. BM-21 yenyewe ina mabomba 40, yamepangwa safu 4, kila safu 10, na kila bomba linarusha kombora la milimita 122. Watengeneza modeli za magari ya jeshi duniani wengi wanapenda skeli ya 1:35, maana yake kila kipimo cha gari halisi unakigawa kwa 35. Gawanya 122 kwa 35. Unapata kama milimita 3.5.

Haya, tafuta mtaani kitu cha mviringo, chenye tundu katikati, chembamba kiasi hicho na cha bure. Mrija wa juisi mnene mno. Kalamu ndo kabisa. Kijiti cha plastiki cha pipi kinakaribia kabisa. Dogo alipiga hesabu kwanza, ndipo akaenda kuokota. Aliyeona taka pale ni yule ambaye hakupiga hesabu.

Na hayo ni mabomba tu. Matairi 6 yamekatwa kwenye soli ya ndala, kwa sababu unene wa soli unakaribiana na upana wa tairi la lori ukishalipunguza. Turubai ni karatasi laini ya chooni iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya mbao na maji. Ikikauka inakaa na mikunjo yake kama turubai lililofungwa na mtu mwenye haraka. Kamba ni uzi wa cherehani. Vichwa vya misumari kwenye bodi vimetokezwa kwa ncha ya sindano, kutoka upande wa nyuma wa bati la kopo. Tope la kwenye matairi ni vumbi la mtaani lililopitishwa kwenye chujio la chai.

Kitasa cha mlango sasa. Kitasa cha sentimita 14, ukigawa kwa 35, kinabaki milimita 4. Punje ya mchele ni ndefu kuliko hiyo! Dogo amekikunja kwa waya wa shaba uliotolewa kwenye mota ya feni iliyokufa. Wengi wanaojaribu hii kazi wanaanguka hapo. Wanaweka waya wa nguo, gari linakuwa katuni.

Wale wa "anunue ya nje" nao wasikilize. Modeli za madukani, kama za Tamiya ya Japani, zinakuja na vipande vya plastiki unavyounga kwa gundi. Ni nzuri sana. Lakini plastiki inayomiminwa kwenye umbo ina mipaka yake, kwa hiyo vitasa na ndoano mara nyingi hutoka vinene. Ndiyo maana mafundi wakubwa wa huko huko wanakata vipande vya kwenye boksi na kutengeneza vyao kwa waya, uzi na bati. Yaani mtu analipa hela ndefu, halafu anaishia kufanya kile ambacho dogo wa Nguvumali ameanza nacho.

Hata Hollywood inajua. Vyombo vya angani vya Star Wars ya mwaka 1977 vilikuwa modeli, na mafundi walizivisha vipande vilivyochomolewa kwenye maboksi ya modeli za vifaru na magari. Dunia nzima ililipa kiingilio kwenda kuangalia vipande vya vifaru vya plastiki. Madairekta wetu wa video wanaolia bajeti, mpo?

Lakini kwa nini gari hili? Jeshi la Idi Amin liliingia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Makombora haya yalikuwemo kwenye vita ile, na Waganda wakayabatiza jina: Saba Saba. Ukimtajia Saba Saba mzee wa Kampala, hafikirii maonyesho ya biashara.

Na huwezi kwenda kambini na simu yako kupiga picha ili ujue ngazi ya lori ikoje. Utajieleza vizuri. Ikabidi dogo akae na mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kuendesha malori ya jeshi, amuulize rangi inachubuka wapi kwanza. Mzee akamwambia: pale buti linapokanyaga, na pale kiganja kinaposhika mlango. Angalia lile gari. Limechubuka pale pale. Hicho huwezi kukikuta kwenye boksi la dukani.

Kuna hoja moja ya wakosoaji ambayo ni nzito, isipuuzwe: vita siyo pambo la kabati. Kweli. Tanga yenyewe ina makaburi ya askari waliokufa kwenye vita ya Novemba 1914, na kule Kaboya, mkoani Kagera, wamelala mashujaa wa vita ya Amin. Gari la kuua watu likiwekwa sebuleni kwa mbwembwe, kuna familia linaziumiza.

Ila tazama alichoongeza dogo. Hakuna moto wala damu. Kuna taulo limening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, kikombe cha bati kilichobonyea, na kiraka kwenye turubai. Ameongeza watu. Anayeliangalia anajiuliza mwenye taulo alirudi nyumbani au la.

Kasoro zipo, na zisemwe kiungwana. Vioo vya pembeni vimekuwa vikubwa kidogo. Kutu nayo imezidi. Mtu wa Tanga hafundishwi kutu, upepo wa bahari unakula bati hadi unaona huruma, lakini lori la jeshi linatunzwa. Kutu ianze kwenye maungio na kingo, isipakwe mwili mzima kama losheni. Maoni ya namna hiyo yanamjenga fundi. "Lidude lina ndevu" halimjengi yeyote.

Turudi kwa mheshimiwa wa elfu kumi na tano. Bosi, kama unanunua maboksi na vijiti vya pipi, umelipa nyingi mno, maana hivyo ni bure. Kama unanunua hesabu, wiki za kukunja shaba ya milimita 4 na jioni alizokaa chini akimsikiliza mzee, basi umemtukana mtu. Unapima mali kwa malighafi yake, wakati kilichokufanya uitamani ni yale madogo madogo ambayo dogo aliyaona na wewe ulipita.

Mpe bei ya macho yake, au liache likae Nguvumali.

Wadau, mnasemaje? Kazi kama hii ingekuwa yako, ungeiachia kwa shilingi ngapi? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi weka pembeni.